Patasi ya kuchongea iliyoharibika: kwanza umbo, kisha makali

Patasi ya kuchongea ikigonga msumari uliojificha ndani ya gogo, ikianguka kwenye saruji, au ikilala miezi kadhaa mahali penye unyevu, wengi hushika kinoo papo hapo na kuanza kusugua. Baada ya saa nzima pengo bado lipo, kona zimeliwa na mteremko wa makali, yaani uso wa chuma ulioinama kuelekea ncha, umevimba katikati. Hapo kazi mbili zimechanganywa. Kukarabati ni kurudisha umbo la chuma: ncha iliyonyooka, kona mbili zilizo sawa, mteremko wenye pembe inayofaa. Kunoa ni kulipa umbo hilo makali. Ukianza kunoa kabla umbo halijarudi, kila unachopata leo utakisaga tena kesho.

Habari njema ni kwamba kazi zote mbili zinaongozwa na alama moja, nayo huonekana kwa macho.

Mstari wa mwanga

Makali ni mahali nyuso mbili za chuma zinapokutana. Zikikutana barabara, hakuna uso wa tatu wa kurudisha mwanga. Ukiielekeza ncha kwenye taa huoni kitu kinachometa. Zisipokutana, katikati yake hubaki kijiuso chembamba, na kijiuso hicho hung'aa kama mstari mweupe. Mstari mnene maana yake ni butu sana, mstari mwembamba ni butu kidogo, na kidoa kimoja kinachong'aa peke yake ni pengo au mahali palipokunjika.

Basi kabla ya kugusa kinoo, safisha patasi, simama chini ya taa moja yenye mwanga mkali, elekeza ncha machoni na uizungushe polepole. Lenzi ya kukuza mara 10 inasaidia sana. Kagua mambo manne: pengo lina kina gani, kona zipo au zimeliwa, ndani ya mfereji (kwa patasi iliyopinda) kuna vishimo vya kutu karibu na makali, na je, chuma kina rangi ya buluu au zambarau popote karibu na ncha.

Rangi hiyo si urembo. Chuma cha kaboni kilichosafishwa kinapopata joto huvaa rangi kwa mpangilio unaojulikana: manjano hafifu kuanzia nyuzi joto 210 hivi, manjano iliyokolea kwenye 230, kahawia kwenye 255, zambarau kwenye 275 na buluu kwenye 295 au 300. Patasi nyingi za kuchongea hutoka kiwandani zikiwa zimepashwa joto la kiasi cha mwanzo wa mpangilio huo. Kwa hiyo ncha iliyofika buluu imekwisha kulegea. Utainoa vizuri, itakata vizuri kwa dakika chache, kisha makali yatajikunja. Ukiona patasi haishiki makali hata uifanyeje, shuku joto kabla ya kulaumu kinoo.

Kama rangi imeshafutwa kwa msasa, tumia tupa laini. Ipitishe kidogo kwenye chuma nyuma ya makali. Kwenye feleji ngumu tupa huteleza bila kuuma. Kwenye chuma kilicholegea hushika na kutoa unga. Pima hivyo kuanzia ncha kurudi nyuma, milimita tano tano, ujue ugumu unaanzia wapi. Kipimo hiki pia hukuambia kama patasi kuukuu bado ina sehemu ngumu ya kutosha kustahili kazi yako, maana zipo zilizogumishwa upande wa mbele tu.

Pembe, na namna ya kuipima bila kipima pembe

Patasi ya kuchongea hailingani na ya seremala wa milango. Kwa mbao laini pembe ya makali ya digrii 20 inatosha. Kwa mbao ngumu 25. Kwa patasi inayopigwa nyundo kwenye mbao ngumu sana, au inayomeguka mara kwa mara, sogea hadi 30. Pembe ndogo hukata kwa ulaini lakini humeguka. Pembe kubwa hudumu lakini hudai nguvu na hupasua nyuzi za mbao badala ya kuzikata.

Kipima pembe hakihitajiki. Pima unene wa chuma pale mteremko unapoanzia, halafu zidisha: kwa digrii 20 urefu wa mteremko uwe takriban mara 3 ya unene, kwa digrii 25 mara 2.4, kwa digrii 30 mara 2. Chuma cha unene wa milimita 3 kitahitaji mteremko wa milimita 9, 7 au 6. Ukiona patasi yako ina mteremko wa milimita 4 kwa unene huo, pembe imepita digrii 45, na hicho ndicho chanzo cha kusukuma kwa nguvu zote huku mbao zinachanika.

Kuondoa pengo

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu njia sahihi inaonekana kama uharibifu. Usianze na mteremko. Simamisha patasi wima juu ya jiwe, makali yakitazama chini, uisugue hadi pengo lote liishe na ncha iwe imenyooka. Ndiyo, umeua makali yote. Ukiielekeza ncha kwenye taa sasa utaona mstari mweupe mnene, wa upana ulio sawa kutoka kona hadi kona, na mstari huo ndio ramani yako ya kazi yote inayofuata.

Njia hii ina faida mbili. Kwanza, unaona wazi ncha yenyewe imenyooka au la, kabla hujaanza kuukata mteremko. Pili, ncha iliyo nene haiungui haraka. Makali membamba hayana chuma cha kubeba joto kwenda nyuma, kwa hiyo kwenye mashine hugeuka buluu kwa kufumba na kufumbua. Ncha nene husambaza joto hilo.

Jua pia ukubwa wa kazi kabla hujaanza. Patasi ya upana wa milimita 20 na unene wa 3, yenye pengo la kina cha milimita 1, inadai uondoe milimita za ujazo 60 za chuma kigumu. Pengo la nusu milimita linawezekana kwa mkono kwenye jiwe la almasi lenye chembe kubwa, au kwenye msasa namba 80 uliobandikwa juu ya kioo kinene. Pengo la milimita 2 ni kazi ya mashine. Na kama pengo liko kwenye kona tu, na patasi hiyo huitumii kwa kona zake, iache. Kila unaponoa litazidi kupungua lenyewe.

Kwenye mashine ya jiwe linalozunguka, kasi ndiyo adui. Mota za kawaida za umeme wa hezi 50 huzunguka mara 2,900 hivi kwa dakika, au 1,450 zile za polepole. Jiwe la milimita 150 kwenye mota ya kwanza hupita mbele ya chuma kwa takriban mita 23 kwa sekunde. Ya polepole inafaa zaidi. Ukiwa na ya haraka tu, yafanye haya: weka jiwe jeupe la oksidi ya alumini, namba 60 au 80, ambalo chembe zake hudondoka na kufichua mpya, lisafishe uso kwa chombo cha kuchonga jiwe kila linapoanza kung'aa, kwa kuwa jiwe lililoziba husugua bila kukata na msuguano huo ndio unaochoma, gusa kwa sekunde mbili au tatu bila kukandamiza, kisha chovya majini. Weka kidole cha mkono wa mbele karibu na ncha. Kidole kikishindwa kuvumilia, patasi nayo imechoka.

Vaa miwani. Usivae glovu za kitambaa karibu na jiwe linalozunguka, na kitako cha kuegemezea kisiachane na jiwe kwa zaidi ya milimita 3, isije patasi ikavutwa kati yake.

Ikitokea buluu, kuichovya majini haraka haraka hakurudishi kitu. Kulegea kumeshatokea, na maji ya ghafla yanaweza kuongeza nyufa. Iache ipoe, kisha saga upite sehemu yenye rangi. Isipokuwa patasi iliyotengenezwa kwa feleji ya mashine za kasi, ile inayotumika kwa keekee za chuma: hiyo hustahimili joto kubwa mno, na rangi ya buluu haiidhuru.

Sasa rudi kwenye mteremko. Saga huku ukitazama mstari mweupe ukipungua. Pale ulipo mnene, saga zaidi. Pale ulipo mwembamba, usiguse. Acha mashine mstari ukiwa mwembamba kama unywele. Anayeng'ang'ania kuumaliza kwenye mashine huchoma ncha au huzalisha pengo jipya.

Vinoo

Kinoo cha maji, cha mafuta, cha almasi, misasa juu ya kioo: vyote hufanya kazi, na ubishi kuhusu kipi ni bora hauna maana kubwa kwa mchongaji. Chagua kimoja, jifunze tabia yake. Ngazi tatu zinatosha: kikali cha namba 220 hadi 400, cha kati cha 1000, laini cha 4000 hadi 6000. Ukitumia misasa nenda 240, 400, 800, 1500, 2000. Kumbuka tu kwamba namba za misasa na za vinoo vya maji hazilingani. Kinoo cha maji usikitie mafuta, kitaziba daima.

Kinoo chenyewe kiwe bapa. Chora miraba ya penseli juu yake, sugua kwenye msasa namba 220 ulio juu ya kioo, hadi alama zote zifutike. Kinoo chenye bonde hunoa patasi bapa ikatoka na ncha ya upinde, na mwenyewe akadhani mkono wake ndio umepinda.

Paka mteremko wino wa kalamu isiyofutika. Piga kinoo mara mbili tatu, tazama. Wino ukiondoka karibu na makali tu, umenyanyua mkono mno. Ukiondoka nyuma tu, umelalia mno na makali hayajaguswa. Rangi ikiisha kote, nenda hadi usikie uzi wa chuma, yaani kijikingo chembamba kilichokunjikia upande wa pili: ukipitisha ncha ya kidole kutoka ndani kwenda nje ya makali, kitu kinakwaruza. Uzi huo lazima uwepo upana wote wa patasi. Ukikosekana milimita 3 katikati, hapo bado, hata kama kwingine kumetimia. Usipande kwenye kinoo laini kabla ya hapo.

Patasi ya mfereji

Patasi iliyopinda huzungushwa huku inasogezwa. Iweke ikikatiza kinoo, mpini ukielekea pembeni, mteremko ukiwa umelala. Isogeze mbele na nyuma kufuata urefu wa kinoo huku kifundo cha mkono kikiibiringisha kutoka kona hadi kona. Pembe ya mpini isibadilike, kinachobadilika ni mviringo tu.

Kona za patasi hizi huliwa kwa sababu rahisi. Kila mkono unapofika mwisho wa kubiringisha hupumzika kidogo kabla ya kurudi, na katika tuo hilo jiwe linaendelea kula. Baada ya mizunguko mia kona zimekuwa mviringo. Dawa yake ni kugeuka kabla kidogo ya kona, na kupunguza mwendo katikati. Wengine hufanya kinyume, wanaogopa kona mno, na ncha inatoka na bonde katikati. Mstari wa mwanga utakuambia uko upande gani: saga palipo na mwanga, basi.

Ndani ya mfereji kunahitaji kinoo kidogo chenye ubavu wa mviringo. Ukikosa, zungushia msasa kwenye kijiti. Kipenyo cha kijiti kiwe kidogo kuliko mviringo wa patasi, kisije kikagusa kona tu na kuacha katikati. Kazi ya kwanza ndani ni kuondoa uzi wa chuma. Ya pili ni hiari, lakini yafaa: kutia mteremko mdogo wa ndani, wa digrii 5 hivi. Ukiwa nao, mteremko wa nje unaweza kushuka hadi digrii 15 au 20 na jumla ikabaki 20 hadi 25, kwa hiyo unashikilia patasi chini zaidi bila makali kudhoofika. Pia ukiigeuza kifudifudi kuchonga uso uliobinuka, mteremko huo huizuia isizame.

Kutu ya ndani ndiyo huamua kama patasi ya zamani ina maisha. Kila kishimo kinachokutana na makali ni pengo, hata unoe hadi nje kung'ae kama kioo. Loweka chuma, bila mpini, kwenye siki ya kawaida ya asilimia 5 kwa saa 12 hadi 24, ukikagua mara kwa mara, kisha sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha na paka mafuta papo hapo. Halafu ng'arisha ndani kwa msasa wa kijiti, 240, 400, 800, kwa urefu wa milimita 10 hadi 15 kutoka kwenye makali. Si lazima mfereji mzima ung'ae. Vishimo visivyotoka kwa hapo ni virefu mno; rudisha ncha nyuma hadi chuma kizuri, au itumie patasi hiyo kwa kazi ya kufyeka tu.

Patasi ya umbo la V

Hii huogopwa, na kwa haki. Ifikirie kama zana tatu katika moja: patasi bapa mbili zinazoegemeana, na patasi ndogo sana ya mfereji pale zinapokutana chini. Ndani, kona ya V hata ikionekana kali huwa na mviringo kidogo. Kwa hiyo nje nako lazima kuwe na mviringo unaolingana.

Anza na mbavu mbili kama patasi bapa, kwa idadi sawa ya mipigo kila upande. Ukimaliza, chini katikati patatokea kijidomo kinachochomoza mbele. Kimetokana na unene: pale mbavu zinapokutana chuma ni kinene kuliko mbavuni, na hakuna kilichokisaga. Wengi hukiona wakafikiri wameharibu. Hawajaharibu, kazi haijaisha. Biringisha kile kigongo cha chini kwenye kinoo laini, taratibu, mipigo mitatu kisha tazama, mitatu tena kisha tazama, hadi kijidomo kiwe sawa na mbavu. Ukizidisha, kijidomo kitageuka shimo, na shimo halijazwi: itabidi usimamishe patasi wima, unyooshe ncha, uanze mbavu upya. Ndiyo maana usikiguse kigongo hicho kwa mashine.

Shimo likitokea pembeni kidogo ya katikati, ubavu mmoja umesagwa kuliko mwingine, au umeisimamisha patasi hadi ubavu ukawa mwembamba kuliko mwenzake. Ndani tumia kinoo chenye ubavu wa V, lakini ukingo wake uwe umepunguzwa ukali ulingane na kona. Kinoo chenye ukingo mkali kuliko kona huchimba mfereji ndani, na mfereji huo ukifika kwenye makali unakuwa pengo lisiloisha.

Ngozi

Baada ya kinoo laini, ngozi iliyobandikwa kwenye ubao, imepakwa dawa ya kijani ya oksidi ya kromiamu yenye chembe za takriban nusu mikroni. Vuta kurudi nyuma tu, mara 10 hadi 20 nje, kisha ndani. Kwa ndani, chonga kigongo kwenye kipande cha mbao laini kinacholingana na mfereji, ukipake dawa hiyo hiyo. Usikandamize: ngozi laini huinuka mbele ya makali na kuyafanya mviringo, na usinyanyue mpini mwishoni mwa mvuto, kosa ambalo huua makali mazuri kuliko jingine lolote.

Kugumisha upya

Ncha ikiwa imelegea kwa urefu mkubwa, inaweza kugumishwa tena kama ni chuma cha kaboni cha kawaida. Acha ncha iwe na unene wa milimita 1 hivi, maana ncha nyembamba hupasuka na kuungua. Pasha sentimita 3 za mbele hadi sumaku isishike tena, jambo linalotokea karibu na nyuzi joto 770, ongeza kidogo, kisha chovya kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50, ncha ikitangulia wima. Tupa ikiteleza, imeshika. Hapo chuma ni kigumu na chepesi kuvunjika. Ing'arishe, iweke kwenye oveni ya nyuzi 200 hadi 220 kwa saa moja, ipoe, rudia mara moja. Mafuta yawe kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, nje ya nyumba, na koleo ndefu mkononi, yanaweza kuwaka. Patasi za mfereji mpana hupenda kupinda zinapochovywa, kwa hiyo kama milimita 5 tu ndizo zilizolegea, kuzisaga ni salama zaidi.

Mpini unaocheza

Mpini unaocheza huharibu makali kwa kuyumbisha pembe. Ng'oa chuma, kibane kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao, toboa mpini mpya kwa keekee katika ngazi mbili au tatu za vipenyo kufuata mkia (sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini) unavyopungua, kisha gonga mpini kwa nyundo ya mti, ukikagua baada ya kila pigo kama umenyooka. Acha milimita chache za mwisho zikazwe na mapigo. Pete ya chuma huzuia kupasuka.

Kujaribu

Kunyoa nywele za mkono hakuthibitishi mengi. Chukua kipande cha mbao laini, kata kukatiza nyuzi, kona zote mbili zikiwa juu ya uso wa ubao. Mkato mzuri hung'aa na kingo zake hazichaniki. Mfereji ukibaki na mstari mwembamba uliokwaruzika, kuna kijipengo. Fuata mstari huo hadi kwenye makali na utakiona chini ya taa. Ukichanika upande mmoja tu, upande huo wa makali bado una mwanga.

Kazini, ivute kwenye ngozi kila baada ya dakika 15 au 20 za kuchonga mbao ngumu. Siku ambayo mivuto 20 ya ngozi hairudishi kitu, makali yameanza kuwa mviringo: rudi kwenye kinoo laini, paka wino, tafuta uzi wa chuma tena. Mashine haihitajiki hadi pengo lijalo.